Mchepuo wa Theopista

Mwaka ule wa tisini na sita, ukifika Magamba na kuulizia kwa Osward mrina asali, mtu wa kwanza kukutana naye angekujibu kwa swali: "Kwa akina Wakili?" Na Wakili mwenyewe hakuwa Osward. Alikuwa binti yake wa pili, Theopista, msichana mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake, ambaye hakuwahi kuingia hata mlango wa chuo cha sheria. Jina alipewa na kata nzima, na kata ikishakupa jina huna pa kulirudisha.

Lilimpata akiwa darasa la nne. Jirani mmoja alipeleka mashtaka baraza la kata kwamba mbuzi wa akina Osward amemaliza mihogo yake. Osward ni mtu asiyejua kujitetea. Alikaa kwenye benchi akitazama kofia yake. Theopista, aliyekuwa mchungaji wa mbuzi huyo, akasimama akaomba kuuliza swali moja. Akamwuliza jirani, "Ulipomfukuza, alikimbiaje?" Jirani akasema alikimbia kama mshale, hakumpata. Theopista akasema, "Wazee, mbuzi wetu amefungwa nje hapo. Ana mguu mbovu tangu azaliwe. Tokeni mkamfukuze." Wazee wakatoka, wakamfukuza, wakarudi wakicheka mpaka mwenyekiti akasahau kufunga kikao. Tangu hapo akawa Wakili, na kwa bahati nzuri mwenyewe alilipenda. Alipoulizwa shuleni anataka kuwa nani, hakuwahi kujibu kitu kingine.

Basi alipofaulu kidato cha nne vizuri na kuchaguliwa kwenda kidato cha tano Tabora, Magamba walisherehekea kama vile wameshapata mahakama yao. Kasoro ilikuwa moja tu, na ilikuwa kubwa. Barua ya shule ilisema Theopista atasoma mchepuo wa Kemia, Baiolojia na Jiografia, CBG kwa kifupi, kwa sababu huko ndiko alama zake zilikong'aa.

Aliyeiona kasoro hiyo kabla ya wote ni mjomba wake Enoka. Enoka alikuwa na duka la vipuri vya baiskeli kule Majengo, mjini Mpanda, na zaidi ya vipuri alikuwa akitoa ushauri, ambao mteja aliupata hata kama hakuuomba. Aliwahi kuitwa mahakamani kama shahidi, akakaa kule asubuhi nzima, na tangu siku ile akawa mjuzi wa sheria. Aliisoma barua mara mbili, akaikunja.

"Hapa wamekosea," alisema. "Mawakili wote husoma HKL. Historia, Kiswahili, Kiingereza. Sasa wewe utamtetea mtu kwa Kemia? Utamwambia hakimu nini, chumvi?"

"Labda naweza kusoma hii halafu sheria baadaye, mjomba," Theopista alisema.

"Mlango wa sheria hauingiliwi dirishani. Ukifika Tabora, nenda moja kwa moja kwa mwalimu wa taaluma, mwambie unahama. Wiki za mwanzo wanaruhusu."

Theopista aliitikia, kwa sababu mjomba huitikiwa. Lakini moyo wake ulikataa katakata, na hilo ndilo lililomnyima raha miezi ile ambayo wenzake walikuwa wanakula ubwabwa wa pongezi. Ukweli ni kwamba Historia ilikuwa inamlaza usingizi. Mwalimu akianza tu Mkutano wa Berlin, yeye alikuwa ameshafika mbali, kichwa juu ya dawati. Kiswahili alikijua, ila uchambuzi wa vitabu ulimchosha. Lakini siku walipompasua chura kwenye maabara, alikaa mpaka watu wote wameondoka, akihesabu mishipa na kumwuliza mwalimu maswali hadi mwalimu akatazama saa. Nyumbani ndio usiseme. Aliwajua nyuki wa baba yake kuliko alivyowajua binamu zake.

Kwa hiyo alikuwa njia panda kweli. Akihama, atasoma miaka miwili asichokipenda, na mtu hafaulu anachosinzia. Akifeli kidato cha sita, sheria kwaheri. Asipohama, na kama mjomba anasema kweli, sheria kwaheri vilevile. Pa kuulizia hapakuwa. Magamba nzima haikuwa na mtu aliyewahi kusoma sheria, ila ilikuwa na watu tele wenye uhakika.

Akiwa katika kutafakari huko, ikafika posa ya dada yake Recho.

Recho alikuwa ameposwa na Elias, kijana wa Kikonongo wa upande wa Inyonga, na nyumba zile mbili zilikubaliana kufuata desturi ya zamani ya kibuyu. Desturi yenyewe ilikuwa hivi: upande wa mwanaume unaleta kibuyu cha asali kilichozibwa kwa nta. Kabla neno lolote la mahari halijasemwa, shangazi wa binti anakifungua na kuonja. Akimeza, maongezi yanaendelea. Akikimwaga kizingitini, wageni wanachukua baiskeli zao na kurudi walikotoka. Baba wa binti haonji wala hasemi kitu mpaka shangazi amalize. Na mleta kibuyu ni mwiko kuisifia asali yake au kueleza imetoka wapi, maana atakuwa kama muuzaji sokoni.

Shangazi mwenyewe alikuwa Josephina, dada mkubwa wa Osward, aliyetoka Karema siku hiyohiyo kwenye lori la dagaa, na harufu ya lori ilikuwa bado inamtangulia. Ukoo wa Osward ni watu wa ziwani. Osward peke yake ndiye aliyehamia huku porini akiwa kijana na kufundishwa nyuki na wakwe zake. Josephina alimjua samaki kwa kumsikia tu akianguka ndani ya mtumbwi. Asali aliijua ile nzito, nyeusi, inayouzwa Karema kwenye chupa za soda. Tena wachuuzi walikuwa wamemwuzia mara kadhaa asali iliyotiwa maji, na kila mara alikuwa ameapa kwamba hiyo ni ya mwisho.

Akafungua kibuyu mbele ya watu wote. Akachota kwa upawa, akainua. Asali ikamwagika kama uji wa mgonjwa, nyepesi, ya rangi ya chai. Uso wa Josephina ukabadilika. Akagusa kwa ulimi, akafumba jicho moja.

"Imetiwa maji," akasema. "Tena imeanza kuchacha."

Mshenga wa akina Elias, mzee Manyanda, alifungua mdomo, akakumbuka mwiko, akaufunga. Osward, aliyeijua asali ile kwa kuitazama tu kutoka alipokaa, aliinama akashika kofia yake kwa mikono miwili. Mama alikuwa jikoni na ugali wake. Nyuma ya pazia, Recho alianza kulia taratibu. Watu wote waliokuwa na jibu walikuwa wamefungwa midomo na heshima, na shangazi alikuwa ameshanyanyuka, kibuyu mkononi, anaelekea kizingitini.

Theopista alikuwa amesimama palepale mlangoni na birika la kunawisha wageni. Binti wa umri wake hana neno kwenye posa, na hilo alilijua. Ila alijua na lingine, kwamba mdogo wa bibi harusi ni shemeji, na shemeji ana ruhusa ya kuwatania wakwe hata mbele ya wazee. Akaweka birika chini katikati ya mlango.

"Shangazi, usimwage kwanza," alisema. "Mashemeji zangu hawa hata mimi siwaamini. Wakonongo wanaweza kukuuzia kivuli cha mti. Lakini ukimwaga, wanaondoka bure. Tuwakamate na ushahidi kabisa, tuwatoze faini, ndipo waende."

Upande wa akina Elias wakaguna, vijana wawili wakacheka. Josephina akasimama. Kumkamata mwizi na ushahidi ni kitu alichokitamani tangu ile chupa ya mwisho.

"Ushahidi gani?" aliuliza.

"Niletewe chujio la chai."

Likaletwa. Theopista akachuja asali kidogo ndani ya bakuli, polepole, watu wamesogea mpaka wamemzibia mwanga. Kwenye chujio vikabaki vipande vidogo vyeusi, na katikati yake kijidudu kisichozidi chembe ya ulezi kwa unene. Akakichukua kwa ncha ya kidole.

"Shangazi, nipe mkono."

"Ni nini hicho?"

"Nyuki. Amekufa. Tafuta mwiba wake."

Josephina alikitazama kiganja chake kama amewekewa deni. Akakigeuza, akakisogeza kwenye mwanga, akamwita mgeni mwenye macho mazuri amsaidie. Mwiba haukuonekana.

"Hana," alisema mwishowe.

"Hana kweli. Huyu ni nyuki mdogo, haumi kwa mwiba. Anaishi ndani ya shina la mti, tundu lake kama la ufunguo. Sasa shika hii nta iliyoziba kibuyu. Ya nyuki wakubwa ni ya njano, ukiibonyeza inavunjika. Hii je?"

Josephina akaibonyeza. Ikanata kwenye vidole, akashindwa kuitoa, akajipangusa kwenye khanga, ikanata na huko.

"Inanata hivyo kwa sababu wanaichanganya na utomvu wa miti," Theopista aliendelea, na sasa sauti ilikuwa imeshapanda bila mwenyewe kujua. "Na asali yao ndivyo ilivyo, nyepesi na yenye ukali. Asali ya kutiwa maji ingetoa povu na harufu ya pombe. Nusa. Unasikia pombe?"

Akanusa. "Nasikia maua."

"Tundu moja la nyuki hawa linaweza kukupa kikombe tu, na wakati mwingine halikupi kitu." Akamgeukia mshenga. "Mzee Manyanda, hapa hujisifii, unajibu swali la mshtaki. Mmepasua miti mingapi kujaza kibuyu hiki?"

Mzee Manyanda alikohoa. "Mimi sikupasua. Mwulize aliyepasua."

Elias alikuwa nje kwenye baiskeli na wenzake, kama ilivyo kawaida ya mposaji kutoingia. Theopista akatoka akamwambia, "Shemeji, leta mikono." Elias akasita. Tangu asubuhi alikuwa ameificha mifukoni, akiona aibu kuja ukweni na kucha chafu. Alipoitoa, vidole vyote vilikuwa vyeusi kwa ile nta, vimechubuka na vimejaa makovu ya shoka, na haikuwa kazi ya juzi. Theopista akamshika mkono akamwingiza ndani, akauweka mkono huo kando ya mkono wa shangazi wenye nta ileile.

Josephina alitazama mikono miwili. Kisha akachukua upawa, akachota asali iliyojaa, akaimeza yote, akachota tena. "Mtoto huyu amenihukumu mbele ya watu," alisema, mdomo umejaa, na ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza. Recho akatoka nyuma ya pazia kabla ya zamu yake na hakuna aliyejali. Hata Osward alicheka, kofia ikamwanguka.

Kesho yake, wakati wa kusugua masufuria, Theopista alijikuta anafikiria jambo moja. Siku zote alidhani kipaji chake ni mdomo. Lakini jana mdomo haukuwa na shida yoyote. Maneno yalikuja yenyewe, kwa sababu alikuwa anawajua nyuki. Na mbuzi vilevile, alishinda kwa kuwa aliujua ule mguu. Angekuwa hajui, angepiga kelele kama watu wengine. Alifurahi sana kwa wazo hilo, akasugua sufuria moja mpaka mama akamwambia imetosha, itatoboka. Kilichobaki kilikuwa kumwambia mjomba, na hapo ujasiri ulimwisha. Siku zikaenda, harusi ikapita, ngoma ikachezwa, na yeye bado hajasema.

Ikafika siku ya treni. Stesheni ya Mpanda walikuja kumsindikiza watu wengi kuliko aliotarajia: baba na mama, Recho na Elias wake, majirani, na shangazi Josephina ambaye tangu harusi alikuwa anasema ataondoka kesho. Enoka alifika na baiskeli mpya ya dukani ili aonekane. Mizigo ilipokwisha kupanda, alimsimamisha Theopista mbele ya watu wote.

"Haya, turudie. Ukifika Tabora unakwenda wapi?"

"Kwa mwalimu wa taaluma."

"Unamwambia nini?"

Theopista aliona nyuso zote zikimtazama kwa mapenzi, na akaogopa kuliko alivyoogopa siku ya posa. "Namwambia nimekuja kusoma CBG, mjomba. Sihami."

"Sasa sheria?"

"Sheria bado naitaka. Nitaomba nikimaliza. Lakini nikisoma nisichokipenda nitafeli, na aliyefeli haombi kitu. Nakuheshimu sana, mjomba, ila sihami."

Enoka alishusha stendi ya baiskeli, dalili kwamba hotuba itakuwa ndefu. Akaanza kueleza, kwa huzuni ya kweli maana alimpenda mtoto yule, jinsi Magamba ilivyokaa miaka yote bila wakili, na jinsi wakili aliyetarajiwa anavyopotelea kwenye vyura. Watu walianza kutikisa kichwa. Mama Theopista alimtazama mumewe, na mumewe alitazama kofia.

"Enoka," alisema shangazi Josephina, "subiri. Siku ya posa nani alikuwa na makosa?"

"Dada, hayo yamepita."

"Nani?"

"Wewe."

"Mimi. Na nilikuwa na haki ya kumwaga, hakuna mwanaume ndani ya ile nyumba angenizuia. Huyu alinizuia. Alinishinda kwa historia? Alinisomea mashairi?" Akainua kona ya khanga yake, ambako doa la nta lilikuwa limekataa kutoka kwa sabuni zote. "Alinishinda kwa nyuki. Wewe unamtaka awaache nyuki ili awe wakili. Kwangu aliwatumia nyuki, na ndiyo akawa wakili. Mwache mtoto asome."

Watu wakacheka, kisha wakaanza kupiga makofi, na Enoka akajikuta amebaki na baiskeli yake. Osward alisogea karibu na binti yake. Kwa kawaida yake hakuwa na hotuba. "Nenda kasome nyuki, mama," alisema, akampandisha ndani ya behewa mwenyewe. Theopista alilia mpaka treni ikatoka stesheni, na kilikuwa kilio cha raha tupu.

Alisoma kweli. Miaka miwili ile aliingia maabara kama anaingia kwao, akamaliza kidato cha sita na alama nzuri, akaomba chuo kikuu, na mahali pa chaguo la kwanza akaandika Sheria. Hakujua kama watamtaka mtu wa vyura. Majina yalipotoka gazetini, gazeti lilifika Mpanda limechelewa na limekunjwa vibaya, nalo lilifikia mikononi mwa Enoka. Aliendesha baiskeli kutoka Majengo mpaka Magamba bila kupumzika, akaelekezwa porini, akamkuta Osward juu ya mti akitundika mizinga.

"Shemeji, shuka," aliita. "Wamemchukua. Sheria."

"Siwezi kushuka, nimeshika mzinga. Soma."

Enoka akasoma. Osward akasema, "Soma tena, taratibu." Enoka akasoma taratibu. Enoka alipoinua macho akaona shemeji yake amekumbatia mzinga kama mtoto mchanga, machozi yanamtiririka na hana mkono wa kuyafuta.

Hadithi ingeweza kuishia hapo, kama si tabia ya Enoka. Likizo ya kwanza ya chuo, Theopista alirudi na kumkuta Lidia, mtoto wa jirani aliyekuwa kidato cha nne, anamsubiri mlangoni akiwa na macho mekundu. Lidia naye alitaka sheria. Alikuwa anapenda Historia kupita maelezo, na Kemia ilikuwa inamtoa jasho. Lakini mjomba Enoka alikuwa amemweleza, kwa uhakika wa mtu aliyeona mwenyewe, kwamba sheria siku hizi wanaingia watu wa CBG tu. Ya HKL yamepitwa na wakati. Tena alikuwa ameshawaambia watoto wengine wawili.

Theopista alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akamshika Lidia mkono, wakaenda Majengo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, wakili wetu." Enoka alifurahi kumwona, akatafuta kigoda. "Umeona ninavyowaandaa hawa? Wote CBG, kama ulivyofanya wewe."

"Mjomba, darasani kwetu nakaa katikati ya wawili waliosoma HKL, na nyuma yangu yuko wa hesabu. Wote wako sawasawa. Wengine wananishinda."

Enoka alikaa juu ya matairi. Alionekana kama mtu aliyepanga foleni mara mbili kwenye dirisha lisilo lake. "Sasa nyie mnataka nini? Nikisema HKL mnakataa. Nikisema CBG mnakataa. Nimwambie nini huyu?"

"Usimwambie. Mwulize."

Enoka alimtazama Lidia, na ilikuwa wazi kwamba katika miaka yote ya kutoa ushauri pale dukani, hilo lilikuwa halijawahi kumpitia kichwani. Akafuta kigoda kwa kitambaa cha grisi, akamkaribisha mtoto akae.

"Haya, mwanangu," alisema. "Wewe unapenda kusoma nini?"

Lidia akaanza kueleza, kwanza kwa aibu, halafu kwa kasi, mikono ikipaa, na wateja wa vipuri wakawa wanasubiri.